Baba, Mwaka Ule Ulipoingia Jikoni

Baba yangu,

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na watu wakiniuliza ulikuwa baba wa aina gani, sianzi na kazi yako ya kiwandani. Naanza na mwaka wa korona. Ulikuwa umestaafu, uko peke yako Kiganjo, Mama ameshatutoka, na hujui kupika hata chai.

Kabla ya hapo maisha yako ya ustaafu yalikuwa na raha yake. Asubuhi ulipanda baisikeli hadi mjini Thika, mkacheza drafti na wazee wenzako wa kiwandani, ukala kwa hoteli, ukarudi jioni ukijisifu. Korona ilipoingia, hoteli ikafungwa na drafti ikaisha. Mimi nami nikaacha kuja kukuona. Nilikuwa nesi, nikiwaona wazee wa rika lako wakiletwa wodini, na niliogopa kukubebea ugonjwa nyumbani.

Ndipo ukaanza kunipigia simu.

"Maitu," ulisema. Ni "mama" kwa Kikuyu; uliniita hivyo tangu utotoni kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. "Kitunguu kinatangulia ama nyama?"

"Kitunguu, Baba."

"Na kikiwa cheusi?"

"Kitupe, uanze tena."

"Basi leo ni ugali na chumvi."

Chapati zako za kwanza, ulisema mwenyewe, zingefaa kuziba panchari. Lakini hukuacha. Uliwasha redio, ukafunga leso ya Mama kiunoni, ukapika. Sauti yako kwenye simu ikaanza kuchangamka tena. Ulinieleza habari za njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, kama zamani ulivyonieleza habari za mashine zako.

Kisha nikaugua mimi. Nilipopimwa na kukutwa na korona, nikaambiwa nijitenge nyumbani, huku Kimbo, kwenye chumba changu cha ghorofa ya pili. Majirani wakafunga milango. Sikuwalaumu; hata mimi ningeogopa. Nilikupigia nikakusihi usije. Ukasema, "Sawa." Kesho yake nikasikia kengele ya baisikeli uani.

Nilijikokota hadi kwenye balkoni. Ulikuwa umesimama pale chini, jasho likikutiririka, barakoa imeteremka chini ya pua.

"Baba, pandisha barakoa! Na urudi nyumbani!"

"Nimekuja, lakini sipandi huko. Teremsha kamba."

Mama Nekesa, yule mama kutoka Bungoma anayetunza ploti yetu ya nyumba za kupanga, akachungulia mlangoni. "Mzee, wewe huogopi? Huyu ako na korona."

"Naogopa sana, mama," ulimjibu. "Lakini hata yeye anaogopa, na yuko peke yake."

Nilifungua kamba ya kuanikia nguo nikaiteremsha, nawe ukaifunga kwenye kiondo cha Mama. Nikavuta pole pole. Ndani mlikuwa na supu ya mifupa kwenye thamosi, njahi, na machungwa. Ukaketi juu ya jiwe, ukakataa kuondoka mpaka nikuonyeshe sahani tupu.

Ukaja tena, na tena. Mama Nekesa akakuletea kiti, baadaye akaanza kukuletea na chai. Mlibishana kuhusu kupika mboga za kienyeji, yeye akisisitiza maziwa, wewe ukisema anaziharibu. Nilikuwa nimelala kitandani, mlango wa balkoni wazi, nikiwasikiliza, na kwa muda nilisahau kuogopa.

Halafu ikaja ile siku ambayo sikuweza kuinuka. Kifua kilikuwa kimebana, simu imeanguka mbali. Nilisikia kengele, nikakusikia ukiita, na sauti yangu haikutoka.

"Maitu! Kama unanisikia, gonga kitu!"

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikagonga chuma cha kitanda, mara chache, kwa unyonge. Sijui masikio yako, yaliyoharibiwa na kelele za mashine za kiwandani, yalisikiaje. Nilichosikia ni wewe ukimwambia Mama Nekesa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Mama, mtoto wangu anakufa huko juu." Na yule mama ambaye hajawahi kuthubutu kukaribia mlango wangu akavaa barakoa mbili, akachukua funguo zake, akapanda ngazi. Ni yeye aliyeniketisha na kunishikilia mpaka gari la hospitali likafika. Daktari aliniambia baadaye kwamba tungechelewa zaidi, asingekuwa na la kunifanyia.

Siku niliyotoka hospitalini mlinipokea nyinyi wawili pale uani, kila mtu na kiti chake, mbali na mwenzake. Ulikuwa umepika wali, nyama na chapati laini kabisa. Ukasimama kuombea chakula. Ukafika kwenye jina langu, na hukuweza kuendelea. Mama Nekesa ndiye aliyesema amina.

Nilirudi wodini, Baba. Bado niko huko. Wagonjwa wasiotembelewa na mtu huwa nakaa nao kidogo, hata kama zamu yangu imeisha, kwa sababu najua maana ya kusikia sauti ya mtu aliyekuja kwa ajili yako. Mama Nekesa sasa ni dada yangu. Krismasi tunaila pamoja. Na nashukuru kwamba Mungu alikuacha nasi miaka mingine baada ya hapo, na kwamba zamu yako ya kuugua ilipofika, hakuna aliyenizuia kuketi kando yako.

Siku ya mwisho ulipoweza kuzungumza vizuri, ulinishika mkono ukaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikakudanganya kwamba nimeshiba, ili usihangaike.

Leo hakuna uongo. Nimeshiba, Baba.

Lala vizuri.

Binti yako wa Kimbo