Namzibia Mume Wangu Pumzi kwa Gitaa

Mpendwa Bi Odessa,

Naomba unisaidie, mtoto amenilalia mapajani, mwandiko nisamehe. Mume wangu Lonzo anapuliza kinanda cha mdomo na mimi napiga gitaa, tunapiga muziki wa bluzi nje ya maghala ya tumbaku hapa Durham siku za mnada, wakulima wakishauza wanasimama kusikiliza, na tangu majira ya baridi Lonzo anakohoa, sasa nimeona damu kwenye leso, pumzi inamwishia katikati ya wimbo, nami nikisikia inakatika naingiza nyuzi nene upesi kuziba pengo, watu wanadhani ndivyo tulivyopanga, hata yeye anadhani hivyo, anacheka, "Mama Verlene, leo tumewamaliza!" Nikimwambia twende kliniki ananijibu, "Mgonjwa gani anapuliza hivi? Waulize hao!" na hao wanampigia makofi. Kinachoninyima usingizi ni Verlene, meno yanamtoka, akilia baba yake anampa kile kinanda atafune, bati lake lina baridi, mtoto ananyamaza, naye Lonzo anasema ndivyo alivyolelewa na baba yake. Nikikichukua ananiambia, "Unamfundisha mwanangu kunikimbia?" Nampenda, Bi Odessa. Nikiacha kumzibia pengo watamcheka, na furaha nyingine hana. Nifanyeje?

Corrine (jina liandike tu, Lonzo hasomi gazeti)

Corrine mwanangu,

Pole, umechoka na unaogopa. Sasa nisikilize. Mumeo anauliza mgonjwa gani anapuliza hivyo. Jibu unalo wewe: hapulizi hivyo, nusu ni vidole vyako. Unamficha mtu ugonjwa wake mwenyewe halafu unaniambia unampenda! Jumamosi mkipiga tena, pumzi yake ikikatika, shika mdundo ule ule, usiongeze hata uzi mmoja. Watacheka. Wacha wacheke, ili asikie kimya chake kilivyo kirefu, na wimbo ukishaisha mshike mkono mwende kliniki akiwa bado na aibu, kabla hajapata maneno.

Lakini mtoto hangoji Jumamosi. Kinanda kile kisimguse mdomo tena. Akilia mpe kitambaa kilicholowa maji baridi, na baba akifoka, afoke. Mfunge shali, mpeleke kliniki ya kaunti, mlango wetu sisi watu weusi ni ule wa nyuma, uwaambie waziwazi baba yake anakohoa damu. Usiombe ruhusa kwa mtu.

Sikudanganyi: kwa Lonzo huenda tumechelewa. Kwa Verlene sijui, wala wewe hujui. Ndiyo maana nataka uliweke gazeti hili chini sasa hivi.