Dola ao Kwacha

Kashikishi, siku ya ine

Yaya Suzanne,

Tulivuka ziwa muzuri mupaka huku Zambia, na binti yangu Bénie hakutapika mu bwato. Nilienda kununua nyavu ku duka ya Mwelwa, ule mwenye atamuoa Bénie. Karte yangu ya banki ni ya dola, basi mashini ya kulipia iliuliza: kwacha ya huku ao dola? Mbele nijibu, Mwelwa akafinya dola, na mashini ikageuza bei kwa taux ya wizi, juu sana kupita ya banki.

Nikamuambia: "Futa! Nalipa na feza ya huku, banki yangu itageuza yenyewe."

Akacheka: "Mama, bantu ya Congo hawajuake hii. Wakilipa dola, faida ya kugeuza inabakiaka kwetu."

Yaya, roho ilinichafuka. Alifuta, nikalipa kwacha. Bénie alisikia yote. Leo asubui fundi wa nguo alimuita kupima robe ya ndoa, akakatala kuenda, akasema hataolewa na mutu mwenye kuibia bantu yetu. Sikumusukuma.

Mudogo wako mwenye angali na kasirani,
Arlène