Saini ya Mama Shukuru

Kawajense, Mpanda
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kiwe kimeacha kukusumbua. Huku kwa Mamdogo sote tuko salama, ila vumbi la Kawajense linatukohoza. Nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Utaona sababu.

Mama, fomu ya ile shule ya masista ninayoomba kusoma kidato cha tano imefika. Nimejaza yote isipokuwa sehemu moja: niandike kazi ya kujitolea niliyowahi kufanya. Moja tu! Nimeandika kwa penseli na kufuta mpaka karatasi imeanza kuota manyoya.

Kwanza niliandika miti tuliyopanda shuleni. Lakini ile tuliamriwa, na aliyekosa alifagia uwanja wiki nzima. Tena mti wangu uliliwa na mbuzi. Ndipo nikawakumbuka nyie wamama wa kwenye vichanja huko ziwani, likizo ile, mkisubiri dagaa wakauke. Mimi nawachorea herufi mchangani, nyie mnazifuata kwa kidole huku mkifukuza kunguru.

Nikamwuliza mwalimu wetu kama hiyo inahesabika, maana kila jioni mlinifungia dagaa kwenye khanga.

"Uliwaomba?"

"Hapana, Mwalimu. Ila niliwala."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Hiyo ni shukrani, siyo mshahara. Andika." Nikakumbuka siku nilipotaka kuwarudisha wale dagaa ukanikemea: "Ukikataa, unawaambia hawana cha kutoa."

Basi nimeandika. Lakini hofu haijaniisha, Mama, kwa sababu niliwaahidi kwamba sitasema. Unakumbuka wale wavuvi walivyopita wakawatania: "Wamama, na uzee wote huo mnataka kuwa makarani?" Mama Shukuru alilifuta jina lake kwa mguu haraka haraka, na tangu siku ile tukahamia nyuma ya vichanja. Sasa fomu inataka shahidi aliyeiona kazi, asiye ndugu yangu, aandike jina lake kwa mkono wake na kusaini. Dole gumba hawapokei. Mwalimu mkuu wa shule ya huko kijijini hakutuona. Walioniona ni nyie tu, na kati yenu asiye ndugu na anayeandika jina lake lote bila kuangalizia ni Mama Shukuru.

Nimeifunga fomu kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kalamu. Dereva wa fuso ya dagaa ameniahidi kukuletea pamoja na barua hii na kuirudisha Alhamisi, na Ijumaa ndiyo mwisho. Tangu niifunge naifungua na kuikagua tena, chakula kinapoa. Mamdogo ananiambia, "We Leokadia, kula! Fomu haijazwi kwa njaa."

Mwombe Mama Shukuru mkiwa wawili tu. Mwambie shule iko mbali na hakuna atakayelisoma jina lake huko ziwani. Akikataa, usimbembeleze. Habari zenu nimeziandika kwa penseli. Nitazifuta niandike miti, na sitanuna. Ila ningependa hao masista wanijue kwa jambo la kweli.

Akikubali, aandike Kalista, jina lake mwenyewe, siyo la mama fulani. Ile K yake ikitazama nyuma kama kawaida, msiifute.

Mpe Baba shikamoo yangu, na Bibi umwambie dawa ya miguu nimeipata. Mdogo wangu Regina asiguse daftari nililoacha juu ya kabati.

Mimi nawaombea na kuwasubiri,
binti yako Leokadia

Mama, nimesahau: mstari wa jina ni mfupi kuliko mchanga. Mwambie aanzie kushoto kabisa, wala asiharakishe. Litaenea.