Jina la Mtoto wa Myrsini

Shoga yangu Danai, nimejifungia chooni. Nimeharibu ubatizo!

Si unajua mimi ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wa Myrsini? Wikiendi yote hapa kisiwani Sifnos tunakula pweza, tunaogelea, na Myrsini wimbo wake ni mmoja tu: "Padri akikuuliza jina, sema Iro. Usiyumbe."

Iro! Neno moja tu, Danai!

Basi padri akauliza. Mimi macho yangu kwa mama mkwe wa Myrsini, Bi Evdokia, yuko mbele kabisa, machozi yanamtiririka. Mjukuu wa kwanza wa kike, si huchukua jina la bibi? Roho ikaniuma. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Evdokia."

EVDOKIA!

Padri akamzamisha mtoto mara tatu. Jina limeshaingia hilo, halitoki. Myrsini akanitazama kama nimemwibia mwana.

Nikamkimbilia bibi, angalau yeye anikumbatie. Akaninong'oneza, "We binti, nani kakutuma? Jina hili limenitesa tangu utotoni. Nilikuwa nalia kwa furaha kwamba mjukuu wangu kaepukana nalo!"

Mlango unagongwa. Wamekuja wote wawili.