Upande wa Pili wa Santuri ya Trizah

Homa Bay,
Jumanne jioni.

Kwa dada yangu mpendwa Eucabeth,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba watoto wamepona kile kikohozi. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia. Baba anaendeleaje? Ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kulia, au mkono ule bado umelala vilevile? Na ulimi je? Nilipokuja mara ya mwisho nilidhani nilimsikia akijaribu kutamka jina lako, lakini labda nilisikia nilichotaka kusikia.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Najua simu yangu ikiingia huwa unafungua spika kando ya kitanda chake ili naye asikie, na haya sitaki ayasikie kabla wewe hujayapima. Ndiyo maana nimempa barua Mama Nyangau anayeleta dagaa wa omena huko kwenu, soko la Migori. Tafadhali isomee jikoni.

Unajua huku sina watu. Ofisini kwa wakili nachapa viapo vya watu mchana kutwa, kisha narudi chumbani. Kilichonitoa upweke ni duka la Mzee Dishon, fundi wa redio nyuma ya soko, ambako wapenzi wa jazi hukutana Jumapili alasiri. Hapa jazi ni muziki wote wa gita wa zamani, kwa kuwa enzi hizo kila bendi ilijiita Jazz. Mmoja huja na santuri aliyoipata chini ya kitanda cha marehemu, mwingine na aliyoipata kwa kubadilishana na jogoo huko Lambwe, na wote huzipangusa taratibu kama mtu anayemwosha mtoto uso. Mimi huniita Karani. Bravin, kijana wa ghala la samaki, husema nasikiliza muziki kama mtu atakayeambiwa atie sahihi chini yake.

Wana desturi yao. Kabla sindano haijashushwa, mwenye santuri husimulia habari zake: nani aliimba, nani alipiga gita, waligombania nini. Akimaliza, Mzee Dishon huuliza kama yupo mpinzani. Kukiwa kimya, habari hiyo imepita na hakuna wa kuigusa tena. Ukipinga, sharti umlete shahidi aliyekuwepo, mwenye damu na nyama, si gazeti wala mtandao. Kwa hiyo ni nadra mtu kupinga. Mashahidi wengi wako makaburini.

Santuri wanayoiheshimu kupita zote ni moja ya Ruri Jazz Band. Aliyeimba ni Odhiambo wa Mbita, na wimbo alimtungia mkewe, Trizah. Ni mrefu, unaanzia upande mmoja na kumalizikia upande wa pili. Lakini upande wa pili umeharibika. Watoto waliiburuta santuri kwenye sakafu ya saruji wakiifanya gari, na sasa sindano huruka na kukwaruza tu. Hakuna aliyewahi kupata nyingine. Habari yake, iliyokwisha kupita bila mpinzani, ni kwamba bendi nzima ilikufa Ijumaa moja jioni, gari lao lilipopinduka mteremkoni karibu na Rodi Kopany wakienda kupiga kwenye matanga. Hakubaki hata mmoja.

Jumapili iliyopita tulikuwa na mgeni, Trizah mwenyewe. Ni mama mzee mwenye rozari mkononi, ametoka Mbita na mjukuu wake. Kwa heshima yake Mzee Dishon akaisimulia habari upya, na akaongeza kwamba gita linasikika kwa sauti ya juu vile kwa sababu mashine ya kurekodia ilikuwa inasuasua. Kisha akauliza kama yupo mpinzani, kwa mazoea tu, huku ameshainua sindano.

Dada, ningenyamaza. Lakini ukikaa sana na watu wale, habari yenye kosa hukuwasha kama kipele. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mashine haikusuasua. Mpigaji alifunga penseli kwenye shingo ya gita kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili sauti ya nyuzi ipande. Bravin akacheka, akataka kujua kama Karani alikuwa amejificha ndani ya gita siku hiyo. Mzee Dishon hakucheka. Aliirudisha sindano mahali pake, akaniuliza shahidi wangu ni nani.

Unaikumbuka penseli ile, na mpira ule. Jumamosi jioni, jua likishazama na Sabato kwisha, Baba aliufunga kwa meno kabla hajatupigia nyimbo za kanisani. Unakumbuka pia kwamba kila siku ya shukrani alisimama kanisani, akasema Sabato ilimwokoa maisha, akaketi bila kueleza, nasi tukafinyana tukicheka. Sasa sikia. Katikati ya upande wa kwanza, Odhiambo anamsifu mpiga gita wake kwa jina la mama yake, kama Wajaluo wanavyosifiana: wuod Nyakerario. Mwana wa Nyakerario. Dukani wamedhani siku zote ni jina la utani. Mimi nimekuwa nikilisikia jina la nyanya yetu likiitwa mle ndani tangu mvua za masika, na kulimeza kila Jumapili. Baba hakupanda gari lile, Dada. Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linazama, Sabato ikiingia.

Nikawaambia shahidi wangu ni baba yangu, na kwamba yu hai.

Nilitazamia mama yule alie, au anione mtoto wa mtu aliyejificha miaka yote hii. Alivua miwani akaifuta kwa kitenge. Kisha akasema, "Mwanangu, sitamuuliza kwa nini hakupanda. Nataka tu aniambie wimbo wangu unaishaje."

Odhiambo aliurekodi Kisumu, akafa kabla hajamwimbia nyumbani. Santuri ilitoka baada ya mazishi, na ilipomfikia Trizah, hiyo hiyo iliyoishia dukani kwa Mzee Dishon, ilikuwa imeshapita mikononi mwa watoto wa shemeji yake.

Wakapanga pale pale, wakizungumza juu ya kichwa changu. Bravin ataomba pikapu ya samaki, Mzee Dishon atafunga duka, na Jumapili hii wanakuja Migori na Trizah, na mashine ya kupigia santuri, na santuri yenyewe.

Sasa kile kinachoninyima usingizi. Sikuwaambia hali ya Baba. Nilisema yu hai, nikanyamaza. Sikusema ulimi wake umefungwa, wala kwamba mkono uliokuwa ukizichezesha nyuzi hauwezi kushika kijiko. Jana nilienda dukani niseme. Nikamkuta Mzee Dishon akibadilisha waya za mashine, akaniambia Trizah ameshawaaga majirani kwamba anakwenda kusikia mwisho wa wimbo wake. Nikanunua betri nisizozihitaji, nikaondoka. Naogopa presha ya Baba itapanda akimwona. Naogopa pia kumwambia mama yule asije. Ukiona haifai, nitumie neno kwa Mama Nyangau, ingawa sijui nitamwambia Trizah kwa mdomo upi.

Lakini kama watakuja, nina ombi. Uliniambia vidole vya Baba vya kushoto huchezacheza juu ya blanketi jioni, na wewe huvishika vitulie kwa kuhofia ni ugonjwa unaendelea. Huenda ndivyo, mimi si daktari. Ila mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, na huo haukupigwa na kiharusi. Jumapili, wakigeuza santuri upande wa pili na sindano ikianza kuruka, tafadhali usimshike mkono. Mwache, na Trizah aketi mahali anapoweza kuviona vidole.

Nisalimie watoto, na wazee wa kanisa wanaokuja kumwombea. Baba mwambie nakuja, lakini usimwambie nakuja na nani. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Arasa Mayaka