Mwana Aliyefutwa Pichani

Jumatatu, 5 Septemba 1988
Bomba kavu tena. Foleni tangu alfajiri, nimepata ndoo moja. Vipindi viwili shuleni, kisha mchana nikarudi kwenye michoro.

Ukumbi mpya unafunguliwa Newala tarehe mosi mwezi ujao. Kamati ya ukumbi inataka picha kubwa ya uzalendo, kwa heshima ya vijana wetu wanaopigana Msumbiji. Wamenipa mimi, kwa kuwa mwalimu wa sanaa anayejua rangi ya mafuta hapa hakuna mwingine.

Nimeshajua nitakachochora. Kanisani kwetu Masasi, Baba alipokuwa katekista, palikuwa na picha ya zamani ya Mariamu akimpakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani. Nilikuwa naitazama hiyo badala ya kusikiliza mahubiri. Nitaifanya ya kwetu. Mama wa Kimakonde, kanga mbili, mwana aliyevaa gwanda. Nyuma yao ukingo wa mlima na bonde la Ruvuma.

Alhamisi, 8 Septemba
Kijijini Mnyambe, kwa Mama Hamisi. Mwanawe wa pekee alikuwa askari, ameuawa ng'ambo ya Ruvuma mwaka huu. Hakuletwa. Ilikuja barua tu.

Niliona aibu kumweleza. Yeye Mwislamu, picha yenyewe imetoka kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mariamu nasi tunamjua," alisema. Kisha: "Mimi sikumshika mwanangu, Mwalimu. Nipakatishe."

Alikaa chini, nikampa mkeka uliokunjwa aushike badala ya mtu. Aliushika kama mtu. Nimechora mikono yake huku nalia. Michoro minne.

Jumatano, 14 Septemba
Rangi imepatikana. Miaka mitatu iliyopita hata chaki tuliigawa vipande. Sasa duka la Bwana Chilumba lina rangi, redio, sabuni za kila aina. Ametoa makopo sita bure. Nilimshukuru kwa moyo mweupe.

Leo anataka jina la duka lake liandikwe chini ya picha. Chini ya miguu ya marehemu. Nimekataa. Bwana Nambunga, katibu wa kamati, akacheka: "Mwalimu, siku hizi mambo ruksa."

Ruksa kwa nani? Hamisi aliombwa ruksa?

Jumanne, 20 Septemba
Nimemaliza. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Naandika hivyo hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Kamati imekuja kuitazama. Bwana Nambunga akasema inavunja moyo. Mzalendo hafi pichani, eti. Nimchore amesimama, ana bunduki, anatazama mbele.

Nikamwambia hajasimama, amezikwa.

Mjumbe mwingine akasema hii ni picha ya Wakristo. Nikamweleza alichosema Mama Hamisi. Akatazama dirishani.

Kumbe wanataka vita visivyo na maiti. Watoto wetu waende, wasirudi, na sisi tupige makofi. Nimekataa kugusa hata kidole kimoja cha picha ile.

Ijumaa, 23 Septemba
Wamekuja na mkokoteni wakaichukua. Wanasema wanaenda kuitunza. Siwaamini.

Jumatano, 28 Septemba
Nimekwenda ukumbini baada ya vipindi. Mlango ulikuwa wazi.

Wamemleta mchora mabango kutoka Masasi. Hamisi hayupo. Amepakwa rangi mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, na juu yake limechorwa gunia la korosho. Mama Hamisi amelipakata gunia. Mikono ni ile ile niliyoichora mimi. Mkono wa kulia uliokuwa umeshika kisogo cha mwanawe sasa umeshika mdomo wa gunia. Na wamemchora tabasamu. Chini yake: KOROSHO NI UHAI WA TAIFA. Halafu jina la duka.

Nilitamani wembe niikwangue rangi yao.

Bwana Nambunga alinikuta pale. Akasema rangi si yangu, ukuta si wangu, picha si yangu. Nikamjibu kwamba hata yule mama si wake. Nikaondoka kabla sijasema mengine. Sasa najuta kwamba sikuyasema.

Alhamisi, 29 Septemba
Mnyambe kwa miguu. Nilitaka Mama Hamisi aisikie habari kwangu kwanza. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha kumenya. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: ukumbi unafunguliwa saa ngapi.

Jumamosi, 1 Oktoba
Ukumbi umefunguliwa leo.

Ngoma, hotuba, soda kwa wageni. Picha nyuma ya meza kuu. Mama Hamisi aliingia na wanawake sita, miguu imejaa vumbi jekundu. Wakakaa chini mbele. Walingoja mpaka mgeni rasmi akamaliza kusema.

Ndipo akasimama. Alimsalimia mgeni kwa heshima zote, kisha akanyoosha kidole.

"Yule ni mimi. Mwalimu alinichora nimempakata mwanangu Hamisi. Naomba kuuliza, nani amemtoa?"

Mgeni rasmi hakuelewa. Akamgeukia Bwana Nambunga. Bwana Nambunga akasema ni uamuzi wa kamati.

"Basi kamati inirudishie," alisema Mama Hamisi. Hakupaza sauti.

Mwanamke wa pili akasimama. Akataja jina la mwanawe, akakaa. Wa tatu akataja mawili. Mpaka wote sita. Hakuna aliyelia.

Mgeni rasmi akavua miwani. Akaagiza picha ishushwe. Wakaigeuza uso ukutani, sherehe ikaisha mapema.

Hakuna aliyeomba radhi. Watu wananipongeza njiani kama nimeshinda kitu. Sijashinda. Hamisi bado yuko chini ya gunia.

Jumatatu, 10 Oktoba
Barua ya uhamisho. Lisekese, wilaya ya Masasi, kuanzia mwezi ujao. Sababu: mahitaji ya kazi. Hata uongo wameshindwa kuupamba.

Bwana Chilumba amekuja nyumbani na kopo la rangi. Anaapa kwamba aliomba jina tu, gunia halikuwa wazo lake. Nimekataa kopo. Alipoondoka nikajuta kidogo, maana rangi ni rangi. Hasira ikarudi, nikaacha kujuta.

Jumapili, 23 Oktoba
Mnyambe, kutwa nzima. Nimemchora Hamisi upya, ukutani kwa Mama Hamisi, chumbani. Mkaa, chokaa na udongo mwekundu. Ukuta amechagua mwenyewe, ule usio upande wa kibla.

Sura nimeipata kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Mama mwenyewe alikuwa nje, anakaanga korosho, hakuingia hata mara moja.

Jioni nikamwita. Alitazama muda mrefu. Akasema masikio madogo, Hamisi alikuwa na masikio makubwa. Nikayaongeza. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akatandika mkeka chini ya ukuta, akakaa, akanyoosha miguu. Nikakusanya brashi zangu. Nilipoaga hakunyanyuka. Alisema tu niurudishie mlango polepole.

Nikaurudishia polepole.