Sungura Anayeogelea Kinyumenyume

Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole ya kuuguza. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio hautulii. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Na mama je? Tangu uliponiandikia kwamba macho yake yanaingia ukungu, na kwamba kila siku anauliza, "Sefu anakuja lini, nimwone kabla giza halijanizidi?", chakula hakinipiti kooni. Huku kuna mchele mzuri na ndizi tele, lakini natafuna kama nala pamba.

Nilipopata barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana, yule Mdachi mpima ardhi aliyenitoa Pangani nije nimshonee mahema. Nikamwomba ruhusa niondoke na msafara wa wapagazi unaoshuka pwani. Akanitazama, akasema, "Nipatie mbasa, uende." Basi! Mbasa ni samaki mkubwa wa huku, magamba yake kama fedha, na mvua zikianza hupanda mitoni kutaga. Watu humvua kwa wavu, wakala wakashiba. Bwana wangu hataki wavu. Yeye anataka kumvua kwa fimbo na manyoya ya sungura. Wallahi, dada, sikutungii.

Anafuga sungura nyuma ya nyumba. Ngozi hukatwa utepe mwembamba pamoja na manyoya yake, ukafungwa kwenye ndoana kubwa kwa uzi uliopakwa nta, mkia ukaachwa ulegee nyuma. Majini huchezacheza kama kisamaki. Vidole vya Bwana ni vinene, kwa hiyo kazi ya kufunga akanitupia mimi fundi wa sindano. Nikafunga! Nilifunga mpaka ncha za vidole zikachubuka. Kila asubuhi tulikwenda mlangoni mwa mto Kiwira, Bwana akatupa, akavuta, akatupa, akavuta, na mbasa wakaruka pembeni wakituchungulia. Halafu ananigeukia mimi, uso umemwiva, utadhani nimewakataza.

Nina rafiki huku, Andulile, mvuvi wa Kikisi, kabila la ziwani huku, mkewe ni mfinyanzi wa vyungu. Asubuhi moja alipitisha mtumbwi wake karibu, akaiona ndoana yangu ikivutwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"We fundi! Sungura wako anaogelea kinyumenyume!"

Nikakasirika, nikamwambia ashughulike na nyavu zake. Akaichukua ndoana, akaupitishia utepe kidole. Kumbe nilikuwa nikifunga manyoya yakielekea mbele, maji yakiyapiga yanasimama kama ya paka aliyeona mbwa. Mimi nimezoea merikani, dada, nguo isiyo na mbele wala nyuma. Ukate huku, ukate kule, ni ile ile. Nani aliniambia ngozi ina upande wa kulalia?

Nikafumua zote, nikafunga upya, manyoya yakilala kuelekea mkiani. Kesho yake, Bwana kutupa tu, fimbo ikapinda! Alitoka mbasa mrefu kama mkono wangu. Bwana aliingia majini na viatu vyake, akanikumbatia. Nikasema alhamdulillahi, Pangani hiyoo! Unajua aliniambia nini? "Fundi kama wewe simwachi. Utanifungia mpaka mvua ziishe." Nilitamani kumtia ile ndoana mdomoni.

Andulile alinikuta nimejiinamia mchangani, akaniuliza, nikamweleza habari za mama.

"Mama yangu naye alinipapasa uso," akasema, "akaniuliza mimi ni nani. Nifundishe kufunga. Mwambie Bwana nitabaki mimi."

Ndaga fijo, nilimwambia, ndiyo asante sana ya huku, na machozi yalinitoka bila haya. Mikono yake imezoea kusuka nyavu, ameshika upesi. Bwana amekubali kwa shingo upande: kesho alfajiri ataitupa ndoana ya Andulile, mbasa akila, niende. Na msafara unaondoka kesho hiyo hiyo, jua likipanda.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu, ambazo Bwana hazijui, na tarishi wa barua ana miguu myepesi kuliko wapagazi. Basi sikia. Mbasa akila, nakuja kwa ruhusa. Asipokula, nakuja vilevile. Wakinikamata nitachapwa kiboko, kinauma na kinapona. Macho ya mama hayaningoji.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Mjomba mwenye kilema cha mguu mwambie nimemkumbuka. Jirani yetu mkaanga samaki mwambie nikifika asinikaribishe, sitaki kumwona samaki mwaka mzima.

Ndani ya barua nimekunja kipande cha ngozi ya sungura. Mpe mama mkononi, apitishe kidole taratibu mahali manyoya yanapolala. Hakikisha umemwekea yakilala kuelekea kwake. Mwambie huko ndiko ninakoelekea.

Mdogo wako, ambaye viatu ameshavaa,
Sefu